Kuvua kwa Mshipi Wakati wa Kusi



Muhula wa tatu nilifika shuleni siku tatu baada ya wenzangu. Mwalimu wa darasa aliponiuliza nilikuwa wapi, nilisimama wima nikajibu, "Mambo ya nyumbani, mwalimu." Hilo lilikuwa jibu fupi. Jibu refu ndilo hili mnalolisoma.

Likizo ya Agosti niliipitisha Wasini, kisiwa kinachotazamana na Shimoni katika kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa Tanzania. Huko ndiko kwao mama. Mjomba wangu ni nahodha wa mashua, na kazi yake ni kuvua samaki wa mwambani kwa mshipi. Tangu nirudi, wenzangu wa bwenini wameniuliza swali lile lile hata nimechoka: "Ati samaki yuko chini huko, wewe humwoni. Sasa unamvuaje?" Basi nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja, ili yeyote atakayebahatika kufika Pwani na kupata wa kumchukua chomboni, ajue pa kuanzia.

Sijidai kuwa mvuvi. Nimetoka baharini mara sita tu. Lakini aliyeanza jana hukumbuka vizuri mambo yanayomtatiza anayeanza leo, kuliko bingwa ambaye amekwisha kusahau.

MSHIPI NI NINI?

Mtu wa bara akisikia mshipi hufikiria ule wa kufungia suruali. Mshipi wa mvuvi ni uzi mrefu wa nailoni, wenye ndoana na kitu kizito cha kuuzamisha. Hauna fimbo wala mtambo wa kuuvuta. Mtambo ni mikono yako miwili.

Uzi huzungushwa kwenye kibao au chupa tupu ya plastiki ili usisokotane. Katika mshipi wa mjomba, kila baada ya pima tano amefunga kiuzi chekundu. Pima ni kipimo cha wavuvi: ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, toka ncha za vidole vya mkono mmoja hadi za mwingine. Ni kama futi 6, au mita 1.8. Kwa hivyo ukiona viuzi vitatu vyekundu vimepita mkononi, mshipi umeshuka pima 15, yaani karibu mita 27.

Kile kitu kizito huitwa chubwi. Chubwi nzuri ni ya risasi, lakini mwamba hula chubwi nyingi, na risasi ni ya kununua. Kwa hivyo katika mfuko wa mjomba kuna plagi kuukuu za magari alizookota gereji. Plagi nayo huzama vizuri tu.

Mimi nilidhani ndoana hukaa mwisho wa uzi. Sivyo. Mwisho kabisa hukaa chubwi. Ndoana mbili au tatu hufungwa juu yake, kila moja kwenye kiuzi kifupi kinachotokeza kando kama tawi. Chubwi ikitua juu ya mwamba, ndoana huning'inia juu kidogo, pale samaki wanapopita. Tena chubwi hufungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa kwenye matumbawe unavuta, kiuzi hicho kinakatika, unapoteza plagi moja lakini ndoana na samaki wanapanda juu. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza. Kumbe hata udhaifu una mahali pake.

Ndoana zina namba, na namba zake zinachanganya: katika zile tulizotumia, namba ikizidi kuwa kubwa ndoana huwa ndogo. Usiende dukani ukaomba namba kubwa kabisa ukidhani utamvua papa!

Chambo chetu kilikuwa ngisi, na ngisi akikosekana, pweza au dagaa. Ngisi na pweza wana nyama ngumu isiyotoka upesi kwenye ndoana. Kata kipande chembamba kama utepe, kichome mara mbili, uache mkia unaochezacheza majini. Kipande kikubwa kama tonge la ugali ni hasara, maanake samaki wadogo watakidonoa mpaka kiishe na wewe hujui.

KUSI, KIPUPWE NA MAJI

Bahari ina kalenda yake. Kuanzia kama Novemba hadi Machi huvuma kaskazi, na maji huwa yametulia zaidi. Kuanzia kama Aprili hadi Septemba huvuma kusi. Kusi ni upepo wenye nguvu, bahari huchafuka, na Juni hadi Agosti ndiyo kipupwe, wakati wa baridi. Najua watu wa Nyandarua na Limuru watacheka wakisikia Pwani kuna baridi. Waje wakae chomboni saa kumi ya alfajiri, nguo zimelowa na upepo unapiga mgongoni, kisha wacheke.

Kusema kweli, anayeanza ni bora aanze Desemba, wakati wa kaskazi. Mimi nilianza Agosti kwa sababu karo haingojei kaskazi. Mama alikuwa na salio la muhula wa pili, na la tatu lilikuwa linakuja. Mjomba alimwambia, "Mlete. Tutavua naye. Fungu lake, na nusu ya langu, litakwenda shule." Wakati wa kusi vyombo vingi hubaki pwani, kwa hivyo samaki huadimika na bei hupanda. Anayetoka siku nzuri hupata chochote. Shida ni kuijua hiyo siku nzuri.

Jambo la pili ni maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua. Katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, kujaa na kupwa huwa kudogo, nayo huitwa maji mafu. Jina ni baya lakini kwa mvuvi wa mshipi ni siku njema, kwa sababu mkondo hupungua nguvu na chubwi hutua pale unapotaka. Wakati wa bamvua mkondo huuchukua mshipi ukalala kama kamba ya kuanikia nguo. Isitoshe, katika pwani yetu kuna mkondo mkubwa wa bahari unaokwenda upande wa kaskazini, na wakati wa kusi huzidi kasi. Kwa hivyo Agosti beba chubwi nzito.

KABLA YA KUTOKA

Siku yangu ya kwanza sikuvua samaki hata mmoja. Niliwalisha. Chai na mahamri yote ya alfajiri niliwarudishia wao, nikiwa nimeshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, nao vijana wawili wa chomboni wakicheka hadi machozi. Mzee anayekaa omo, yaani mbele ya chombo, hakucheka. Aliniambia, "Usitazame ngamani, mjukuu wangu. Tazama kule nchi kavu." Ngama ni pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Nilitazama milima ya bara mpaka tumbo likanituliza.

Kutokana na aibu hiyo nina mashauri haya. Usiku wa kuamkia safari usile vyakula vya mafuta mengi. Asubuhi usitoke na tumbo tupu, lakini usishibe. Kula muhogo wa kuchemsha au mkate mkavu. Chukua kipande cha tangawizi utafune. Ukiwa chomboni kaa katikati, ambako mrusho ni mdogo, na macho yawe mbali kwenye upeo. Shughuli ya kufunga ndoana ifanye ukiwa ufuoni. Ukiinama kufunga fundo huku chombo kinayumba, utakwisha.

Mavazi: sweta, koti la mvua na kofia ya kufunga kidevuni. Weka kikoi kikavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uvae wakati wa kurudi. Jaketi la kuelea livae toka ufuoni, wala usilikalie. Langu lilikuwa kuukuu na linanuka samaki, lakini mjomba alisema asiyelivaa abaki kwa shangazi akamenye vitunguu.

Tena, mtu wa nchi kavu aambiwe mnakwenda wapi na mnatarajia kurudi saa ngapi. Shangazi ndiye aliyekuwa na habari zetu zote. Tukichelewa, yeye ndiye wa kuwaamsha wenye vyombo wengine.

KUPATA MAHALI

Samaki wa chini kama changu, kelea na chewa hawakai popote. Hukaa penye mwamba, mashimo na matumbawe, maana hapo ndipo penye chakula na maficho. Ukishusha mshipi mchangani hatua hamsini tu kutoka mwambani, unaweza kukaa hapo hadi jua litue. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Lakini yeye anajuaje, nawe ukitazama unaona maji matupu?

Mjomba alinionyesha. Anatazama nchi kavu. Mnazi fulani uliopinda ukikaa sawasawa na pembe ya paa fulani, huo ni mstari mmoja. Kisha anageuza uso upande mwingine: kilima fulani cha bara kikikaa juu ya ncha ya kisiwa, huo ni mstari wa pili. Pale mistari miwili inapokutana ndipo penye mwamba. Jamani, hii si ndiyo ile hesabu ya grafu? Nilikuwa nikilalamika kwamba jiometri haitanifaa kitu maishani, na kumbe mjomba, ambaye aliishia darasa la sita, anaitumia kila siku bila rula. Siku hizi vijana huhifadhi mahali kwenye simu, lakini simu huishiwa na moto. Mnazi hauishiwi. Nimeapishwa nisitaje mnazi ni upi.

Kuna mahali pengine pa kujua: pasipovuliwa. Upande wetu kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisite, ambayo ni marufuku kuvua kabisa. Jirani yake ni Mpunguti, ambako uvuvi wa jadi kama huu wa mshipi unaruhusiwa. Mpaka baina yao hauna ukuta wala seng'enge. Kwa hivyo mgeni asitoke peke yake. Atoke na mwenyeji.

Mkifika, nanga haitupwi juu ya mwamba wenyewe. Hutupwa mbele yake, upande mkondo unakotoka, kisha kamba huachiliwa taratibu mpaka chombo kirudi nyuma na kukaa juu ya shabaha.

KUSHUSHA NA KUSIKILIZA

Sasa shusha mshipi. Uache upite vidoleni mpaka usikie chubwi imegonga chini. Kugonga mwamba kuna mlio wake mkononi, kama kubisha mlango. Mchanga ni kimya. Ikishagonga, pandisha kama nusu pima, mshipi ulale juu ya kidole cha shahada. Halafu sikiliza.

Nasema sikiliza kwa sababu hivyo ndivyo wavuvi wanavyosema, ingawa sikio halina kazi hapo. Kidole ndicho kinachosikia. Siku ya pili niliambiwa nifumbe macho, na ndipo nilipoanza kuelewa. Samaki wadogo hudonoa upesi upesi kama kuku anayekula mchele. Usivute, watakuchosha na chambo chako kitaisha. Changu hugonga mara moja, mara mbili, kisha huondoka nao. Anapoondoka ndipo unapovuta, mvuto mmoja mfupi wa mkono, si kwa pupa. Chewa hana adabu ya kubisha hodi. Unasikia mshipi umekuwa mzito kama umenasa kwenye jiwe, kisha jiwe linatembea. Huyo usimpe nafasi. Pima mbili tatu za kwanza zivutwe kwa haraka, la sivyo atarudi shimoni kwake na kujibana. Akiwahi kuingia, legeza mshipi ungoje. Pengine atajisahau atoke.

KUVUTA, NA KOVU LANGU

Hapa naomba kila msomaji aweke kidole chake juu ya sentensi hii: usizungushe mshipi mkononi. Usiuzungushe hata mara moja, hata samaki awe mkubwa namna gani. Samaki akikimbia, uzi uliozungushwa hauwezi kuachia. Utakata mkono, au utakuvuta uingie majini.

Niliambiwa hivyo mara tatu. Siku ya pili, samaki aliponizidi nguvu, nikazungusha mara moja tu. Uzi uliingia kwenye kidole cha shahada kama kisu kinavyoingia kwenye papai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikatika kidole, na maji ya chumvi yakanifundisha yaliyobaki. Kovu bado ninalo na kila aniulizaye namwonyesha. Tangu siku hiyo nilivaa vidoleni vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kama wanavyofanya wenzangu, nikavuta mkono baada ya mkono, uzi ukianguka chomboni katika duara moja, mbali na miguu.

Wapenzi wa Fizikia nao wana lao hapa. Samaki anayetoka kwenye mita 27 hufika juu tumbo limevimba na pengine mfuko wake wa chakula umetokeza mdomoni. Nilidhani ni ugonjwa. Sababu ni kibofu cha hewa kilicho ndani yake. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo kwa kiasi kinacholingana na kile cha hewa ya juu ya bahari. Kwa hivyo kwenye mita 27 kanieneo ni karibu mara nne ya ile ya juu, na hewa iliyobanwa kule chini hupanuka kiasi hicho hicho anapopandishwa haraka. Ni kanuni ile ile ya Boyle tunayoikariri ubaoni.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Samaki mdogo aliyevimba namna hiyo ukimtupa majini hazami. Huelea ubavu mpaka membe waje wamchukue. Ndiyo maana mjomba, akiona tumepata wadogo watatu wanne kwa mfululizo, hasemi tuwarudishe. Husema, "Ng'oeni nanga," tukahama, na mara nyingine akabadilisha ndoana akaweka kubwa zaidi. Watoto wale ndio samaki wa mwaka ujao.

Mwisho wa somo hili: si kila anayepanda juu ni kitoweo. Bunju, yule anayejijaza akawa kama mpira, ana sumu iuayo. Mkunga ana umbo la nyoka na meno yake hayana huruma. Ukimwona usiyemjua, usimshike. Uliza.

SIKU YA TATU

Yote niliyoandika hadi hapa mtu anaweza kujifunza katika juma moja. Nililojifunza siku ya tatu ni kubwa zaidi.

Siku hiyo bahari ilikuwa njema. Saa tatu asubuhi tulikuwa juu ya mwamba, na samaki walikuwa wakila kama walikuwa wametungoja. Changu, kelea, changu tena. Nilimtoa chewa ambaye sikuweza kumwinua kwa mkono mmoja. Kichwani nilikuwa nikipiga hesabu za karo, kilo kwa kilo. Kama tungekaa hapo hadi saa sita, salio la muhula wa pili lingekwisha siku ile ile.

Kisha upepo ukaacha kuvuma. Mimi nilifurahi, nikasema kumekuwa shwari. Mzee wa omo alikuwa amegeuza kichwa upande wa kusini mashariki. Nilitazama anakotazama nikaona mstari mweusi juu ya upeo, mwembamba, kama uliochorwa kwa kalamu. Membe walikuwa wakirudi nchi kavu. Mzee hakusema neno, alimtazama nahodha tu, na nahodha akasema, "Vueni mishipi. Twarudi."

Sikuamini masikio yangu. Nikasema, "Lakini mjomba, si wanakula!"

Mzee wa omo ndiye aliyenijibu, tena kwa upole, "Nawe wataka kuliwa?"

Tulivuta nanga ikakataa. Ilikuwa imenasa katika mwamba. Vijana walivuta mara tatu, mjomba akausogeza mbele mtambo, bado. Ule mstari mweusi ulikuwa umekuwa ukuta. Mjomba alichukua kisu, akafunga dumu tupu la plastiki kwenye kamba ili tuweze kuitafuta siku nyingine, akakata. Nilijua nanga si kitu cha bure. Nilijua pia kwamba itakayonunuliwa badala yake itatoka mfukoni mwake.

Mvua na upepo vilitukuta kabla hatujaingia nyuma ya kisiwa. Sitaeleza sana maana sikuona mengi. Mjomba alikuwa kwenye usukani, na mimi nilikuwa ngamani nikifua maji kwa kopo la rangi. Nilifua bila kuinua kichwa, wimbi likileta zaidi ya nilichotoa. Mnaijua ile methali ya kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tuliifundishwa kidato cha kwanza nikaandika maana yake daftarini nikapata alama zote. Siku ile niliielewa. Kidole changu kilichokatika kilikuwa kinavuja damu tena nami sikuhisi. Nilihesabu makopo tu: mia moja, mia mbili. Nilipofika mia nne na kitu mawimbi yakapungua, nikainua kichwa nikaona minazi ya Wasini, na shangazi amesimama ufuoni ndani ya mvua.

Hakuna aliyeumia. Tulipoteza nanga, dumu, na asubuhi nzima ya samaki. Chewa wangu alikuwapo.

Jioni nilimwuliza mjomba alijuaje. Akasema, "Sikujua. Niliogopa. Mvuvi asiyeogopa hana wajukuu."

HESABU YA MWISHO

Kusi lilivuma kwa nguvu siku nne, hakuna aliyetoka. Tulipotoka tena, dumu letu hatukuliona. Fundi wa Shimoni alimtengenezea mjomba nanga nyingine kwa vyuma vya nondo, na fedha zake zikatoka katika lile fungu lililokuwa liende shule.

Maana mgao wa chombo chetu ni hivi: kwanza hutolewa gharama za petroli, barafu na chambo. Kinachobaki hugawanywa mafungu saba. Mawili ni ya chombo, na matano ni ya watu watano, kila mtu fungu moja. Mimi nilitarajia nusu fungu kwa kuwa ni mgeni, tena siku ya kwanza nilitapika tu. Mzee wa omo alikataa. Alisema, "Bahari haikumlowesha nusu."

Shule ilipofunguliwa bado fedha hazikutosha. Nilitoka nao baharini asubuhi ya siku ya kufungua, na siku iliyofuata. Siku ya tatu nilikuwa safarini, na ya nne ndipo nilipofika langoni na kisanduku changu. Salio dogo bado lipo, na mhasibu analijua.

Basi, kwa mwenzangu atakayeanza, nafupisha hivi:

1. Anza wakati wa kaskazi, siku za maji mafu, pamoja na nahodha mwenyeji.
2. Vaa jaketi la kuelea toka ufuoni, na uache habari kwa mtu wa nchi kavu.
3. Funga chubwi mwisho na ndoana juu yake. Beba chubwi za akiba.
4. Fumba macho, sikiliza kwa kidole.
5. Usizungushe mshipi mkononi.
6. Wakianza kupanda watoto tupu, hameni.
7. Nahodha akisema twarudi, vuta mshipi wako bila kuuliza, hasa wakati samaki wanakula.

La saba ndilo gumu kuliko yote. Mshipi hukufundisha kungoja na kuvuta, lakini kuacha ni lazima mtu akufundishe. Wale changu tuliowaacha siku ile hawakwenda mbali. Mwamba haukuhama, mnazi bado umepinda, na Desemba, Mungu akitujalia uzima, nitarudi kuwatafuta.